Muulize Mkunga: Mtoto Ametanguliza Makalio, Je, Ni Mzima?

Barua nyingi zilizofika kwenye ukurasa huu safari hii zinatoka Moshi na Arusha, na kadhaa kati ya hizo zinauliza, kila moja kwa namna yake, kuhusu mtoto aliyefika wiki za mwisho za ujauzito huku kichwa chake kikiwa juu na makalio yakiwa chini. Nimechagua nne ambazo majibu yake yatawafaa na wengine walio katika hali hiyo.

SWALI: Shikamoo mkunga. Mimi ni mama mtarajiwa wa uzazi wa kwanza, naishi Uru, Moshi Vijijini, na mimba yangu ina wiki 35. Kliniki ya mwisho katika zahanati yetu muuguzi alinipapasa tumbo kwa muda mrefu, akamwita mwenzake naye akapapasa, kisha wakaniambia kichwa cha mtoto kiko juu na niende mjini kupiga ultrasaundi. Kipimo kimethibitisha kwamba mtoto ametanguliza makalio. Karatasi inasema pia kwamba maji yanatosha na kondo liko mbali na mlango wa kizazi, lakini hakuna aliyenieleza zaidi ya hapo. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Jirani mmoja anasema watoto wa namna hiyo huzaliwa na ulemavu, mwingine anasema ni kwa sababu nilikuwa nabeba ndoo za maji na majani ya ng'ombe hadi tumbo lilipokuwa kubwa. Je, mwanangu ni mgonjwa? Anapata hewa ya kutosha akiwa amekaa hivyo? Na nimemkosea nini?
– Mama mtarajiwa, Uru

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa nahisi ndilo linalokunyima usingizi kuliko mengine. Hujamkosea mtoto chochote. Ndoo ya maji, mzigo wa majani, namna unavyoketi au unavyoinama shambani, hakuna hata kimoja kinachoamua kichwa cha mtoto kielekee wapi. Mara nyingi hatupati sababu yoyote, na pale inapopatikana huwa ni kondo lililojishikiza chini karibu na mlango wa kizazi, maji ya uzazi kuwa mengi mno au machache mno, uvimbe kwenye mfuko wa uzazi au mfuko wenyewe kuwa na umbo lisilo la kawaida, mimba ya pacha, au misuli ya tumbo iliyolegea kwa mama aliyezaa mara nyingi. Karatasi yako imekwisha kuondoa mawili makubwa kati ya hayo, na ninasikitika kwamba aliyekukabidhi hakutumia dakika tano kukueleza kuwa hizo ni habari njema.

Pili, na hili nakuomba ulishike: mkao wa mtoto ni jambo moja na afya yake ni jambo jingine. Hewa na chakula anavipata kupitia kondo na kamba ya kitovu, wala si kwa pua na mdomo, kwa hiyo kichwa kikiwa juu au kikiwa chini damu inayomfikia ni ile ile. Kukaa hivyo hakumchoshi wala hakumbani kifua. Anayesumbuka kidogo ni wewe, kwa sababu kichwa kigumu cha mviringo kinakusukuma chini ya mbavu, na mateke yanaangukia kwenye kibofu badala ya juu ya tumbo. Hicho ndicho alichokipapasa muuguzi wako mpaka akamwita mwenzake: kitu kigumu kinachochezacheza kati ya vidole, mahali ambapo alitegemea kukuta makalio laini. Waliona wanachopaswa kuona, na wamekutuma kwenye kipimo mapema. Wamefanya kazi yao vizuri.

Usidhani pia kwamba mtoto wako yuko peke yake. Karibu na wiki ya 28, mtoto mmoja kati ya wanne au watano huwa amekaa kama wako. Mimba inapotimia hubaki watatu au wanne tu katika kila mia, kwa maana kwamba wengine wote huwa wamejigeuza wenyewe bila kusaidiwa na mtu. Wiki ya 35 bado kuna nafasi, ingawa sitakuficha kwamba kwa uzazi wa kwanza misuli bado imekaza, na nafasi hiyo hupungua kadiri mtoto anavyozidi kunenepa.

Kuhusu ulemavu nitakueleza ukweli mzima, maana majirani wamekupa nusu yake. Watoto walio wengi sana wanaokaa hivi ni wazima kabisa. Ni kweli vilevile kwamba kasoro za maumbile huonekana kati yao kwa kiasi kikubwa kidogo kuliko kwa waliotanguliza kichwa, kwa sababu mtoto mwenye tatizo la misuli, la neva au la ukubwa wa kichwa huweza kushindwa kujigeuza. Hapo kasoro ndiyo inayotangulia na mkao unafuata. Mkao wenyewe haumtengenezei mtoto ulemavu wa akili wala wa viungo, isipokuwa viungo vya nyonga vinavyohitaji kuangaliwa baada ya kuzaliwa, na hilo nimelieleza katika jibu la mwisho. Kwa hiyo, badala ya kuogopa jambo usilolijua, liulizie. Kipimo cha kutazama maumbile ya mtoto huonekana vizuri zaidi kati ya wiki ya 18 na ya 22. Kama ulifanyiwa wakati huo, beba majibu yake. Kama hukufanyiwa, mwombe daktari, mtakapoonana, atazame kwa makini kichwa na uti wa mgongo, akadirie uzito, aone shingo imeinama au imepinda kwenda nyuma, aone miguu imekunjwa au imenyooka, na kama kuna kamba ya kitovu iliyotangulia chini ya makalio. Mambo hayo yakishajulikana utakuwa na kitu cha uhakika cha kushika.

Mpaka wakati huo, shahidi wako mkubwa wa afya ya mtoto ni kucheza kwake. Sikupi idadi ya mateke ya kuhesabu, kwa sababu kila mtoto ana desturi yake. Ijue desturi ya wako, saa anazopenda kuchangamka na saa anazotulia. Akipunguza kucheza tofauti na ulivyomzoea, nenda kituoni siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Wapo watakaokuambia kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hunyamaza. Si kweli, na imani hiyo imewachelewesha akina mama wengi. Nenda haraka pia ukiona damu, maji yakivuja, ukipata homa, au kichwa kikikuuma sana huku macho yakiona giza, kwa sababu hiyo huweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, ambacho hakina uhusiano na mkao wa mtoto lakini huja katika wiki hizihizi. Unapolala, lalia ubavu, wa kushoto au wa kulia, usilale chali. Ukijikuta umegeuka chali usiku, rudi ubavuni tu bila kuogopa.

Utasikia ushauri wa kupiga magoti na kuinua makalio juu, kuweka kitu cha baridi chini ya mbavu, au kumwekea mtoto muziki sehemu ya chini ya tumbo. Hakuna uthibitisho kwamba mambo hayo humgeuza mtoto. Kupiga magoti kwa dakika chache hakudhuru kama hupati kizunguzungu, lakini usiyategemee.

Kitu cha kutegemea ni mpango. Zahanati haina chumba cha upasuaji, na kwa mtoto aliyekaa hivi si mahali pa kujifungulia, hata muuguzi awe hodari namna gani. Mimba ikitimiza wiki 36 mwombe akuandikie rufaa kwenda hospitali yenye daktari bingwa wa uzazi. Ninyi wa Uru mna nafuu kwamba Mawenzi na KCMC zote ziko mjini Moshi. Huko watapima upya mkao wa mtoto, na kama bado hajageuka mtazungumzia jambo ambalo bibi anayefuata ameliuliza.

SWALI: Mkunga, hujambo? Mimi ni bibi kutoka Machame. Mke wa mwanangu ana mimba ya tatu, imefika wiki 36, na mtoto amekaa makalio chini. Zamani marehemu mama yangu alikuwa akiwakanda wanawake tumbo kwa mafuta mpaka mtoto anageuka, na nilimwona kwa macho yangu. Binti huyu amekataa nimkande, anasema daktari amemkataza. Sasa nasikia hospitalini nao huwageuza watoto kwa mikono. Kama wao wanaruhusiwa, kwa nini mimi nikatazwe? Na yale majani tunayochemsha ili kulainisha njia, nayo ni mabaya?
– Bibi, Machame

JIBU: Sijambo mama, shikamoo. Swali lako ni la haki kabisa, na halistahili kujibiwa kwa amri. Ulichomwona marehemu bibi yetu akikifanya kilikuwa na msingi, kwa maana kwamba mtoto anaweza kweli kusogezwa kwa mikono akiwa ndani ya tumbo, na madaktari wanafanya hivyo hadi leo. Tofauti iko katika mambo ambayo mikono peke yake haiwezi kuyajua.

Hospitalini mama hupigwa ultrasaundi kwanza, ili ijulikane kondo limekaa wapi, maji ni kiasi gani, na mgongo wa mtoto uko upande upi. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kwa mashine kwa muda kabla ya kuanza. Mama hukojoa, hulala kitandani akiwa ameinuliwa kidogo upande mmoja, na mara nyingi huchomwa sindano ya kulegeza mfuko wa uzazi. Daktari huweka mkono mmoja chini, akayanyanyua makalio ya mtoto kutoka kwenye nyonga, na mkono wa pili juu kwenye kichwa, kisha humsukuma taratibu ili ajibingirishe kuelekea mbele. Kila baada ya muda husimama na kutazama moyo wa mtoto. Mama akisema inauma mno, anaacha. Jambo lenyewe huchukua dakika chache, na baada ya hapo moyo wa mtoto husikilizwa tena kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Mama ambaye kundi lake la damu ni hasi hupewa sindano maalumu, kwa sababu damu ya mtoto ikichanganyika na yake huweza kuleta madhara kwa mimba zinazofuata.

Hufanikiwa kwa karibu nusu ya akina mama, na zaidi kwa waliokwisha kuzaa, kwa kuwa tumbo lao limelegea. Hufanywa kuanzia wiki ya 36 kwa uzazi wa kwanza na wiki ya 37 kwa waliokwisha kuzaa, kwa hiyo mkweo yuko karibu sana na wakati wake, na kwa mimba ya tatu ana matumaini mazuri. Hata kwa uangalifu wote huo, mama mmoja katika kila 200 hivi hulazimika kufanyiwa upasuaji wa haraka ndani ya saa 24, ama kwa sababu moyo wa mtoto umebadilika au damu imeanza kutoka. Mama huyo yuko hospitalini, hatua chache kutoka chumba cha upasuaji. Yuleyule angekuwa chumbani kwako Machame, usiku, gari likitafutwa, tungempoteza mtoto, na pengine tungewapoteza wote wawili. Kukanda kwa nguvu kunaweza kulibandua kondo, kukapasua chupa au kukaibana kamba ya kitovu, na damu inayovuja nyuma ya kondo inaweza isionekane nje mpaka mama awe amekwisha kulegea.

Wapo pia ambao hata hospitalini hawageuzwi kabisa, nao ni wale ambao kondo limeziba njia, waliotokwa na damu siku za karibuni, ambao chupa imekwisha kupasuka, wenye mapacha, na wale ambao moyo wa mtoto hauendi vizuri. Na si kila hospitali hutoa huduma hii, kwa hiyo mkweo aulize mapema, asifike wiki ya 39 akaambiwa angekwenda mahali pengine.

Kuhusu majani ya kuchemsha, mama yangu, hapo nasema hapana bila kulainisha maneno. Baadhi ya dawa hizo huuamsha mfuko wa uzazi ukakaza kwa nguvu isiyo na kipimo, na mtoto aliyetanguliza makalio ndiye hasa hatakiwi kusukumwa kwa nguvu ya namna hiyo. Mfuko unaweza kuchanika, na mtoto akakosa hewa. Kama mkweo amekwisha kunywa chochote, asione haya kumwambia daktari.

Mikono yako bado ina kazi. Mkande mgongo wa chini anapochoka, mpumzishe kazi za shamba, na umsindikize siku ya kwenda kugeuzwa mtoto, kwa sababu mwanamke akishikwa mkono na mtu anayemwamini hulegeza misuli, na misuli iliyolegea humrahisishia daktari. Siku atakaporudi nyumbani na mtoto, mtori wako ndio utakaomrudishia nguvu.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi ujenzi, naishi Usa River. Mke wangu ana mimba ya pili, imefika wiki 38, mtoto ametanguliza makalio. Wa kwanza alizaliwa kwa njia ya kawaida bila shida. Walijaribu kumgeuza huyu hospitalini wakashindwa, na sasa amepangiwa upasuaji Arusha wiki ijayo. Ndugu zangu wanasema siku hizi hospitali zinapenda upasuaji, na kwamba mama zetu walizaa watoto wa hivyo nyumbani. Sitaki kumpinga daktari, wala sitaki mke wangu achanwe bure. Je, hawezi kuzaa kawaida? Na uchungu ukianza kabla ya siku hiyo tufanye nini?
– Baba wa mtoto mmoja, Usa River

JIBU: Marahaba, baba. Nafurahi kwamba umeandika wewe mwenyewe, ingawa nitakukumbusha kwamba uamuzi huu kwanza ni wa mkeo. Msome jibu hili pamoja.

Ni kweli mama zetu walizaa watoto waliotanguliza makalio, na wengi wao walitoka salama. Waliotoka vibaya hawasimuliwi kwenye vikao. Ugumu uko hapa: kichwa ndicho kilicho kikubwa na kigumu kuliko sehemu nyingine za mtoto, na mtoto anapotanguliza kichwa, mifupa yake hupata saa nyingi za kujibana na kujipanga ndani ya nyonga ya mama. Anapotanguliza makalio, mwili mwembamba hupita kwanza, kisha kichwa hufika mwisho na hutakiwa kupita ndani ya dakika chache, kwa sababu tangu kitovu cha mtoto kinapotokeza, kamba yake hubanwa kati ya kichwa na mfupa wa nyonga. Mikono nayo inaweza kunyooka juu ya kichwa na kuzuia. Na mguu ukitangulia badala ya makalio, njia haizibwi vizuri, kwa hiyo chupa ikipasuka kamba ya kitovu huweza kuteleza ikatoka kabla ya mtoto.

Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti mkubwa uliowahusisha wanawake 2,088 kutoka nchi 26, ambao kwa kura nusu walipangiwa upasuaji na nusu kuzaa kwa njia ya kawaida. Watoto waliofariki au kupata madhara makubwa walikuwa asilimia 1.6 kwa waliopangiwa upasuaji na asilimia 5 kwa waliopangiwa njia ya kawaida. Utafiti huo ndio uliobadilisha desturi za hospitali karibu dunia nzima, wala si mapenzi ya daktari wa mkeo. Baadaye watoto wa baadhi ya vituo walifuatiliwa hadi umri wa miaka miwili, na haikuonekana tofauti kati ya makundi mawili katika vifo na kuchelewa kukua kiakili vikijumlishwa. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi leo hawaifungi kabisa njia ya kawaida. Chama cha madaktari wa uzazi cha Uingereza, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kinakadiria vifo vya watoto karibu wawili katika kila 1,000 kwa mama aliyepanga kuzaa makalio kwa njia ya kawaida, nusu ya mtoto mmoja, yaani mmoja katika 2,000, kwa upasuaji baada ya wiki 39, na mmoja katika 1,000 kwa mtoto aliyetanguliza kichwa. Hesabu hizo ni za nchi ambako mama hufuatiliwa kwa karibu muda wote.

Kwa hiyo, je, mkeo anaweza? Linategemea mambo yanayoweza kuulizwa moja kwa moja. Miguu imekaaje: iliyokunjwa, au iliyonyooka kuelekea usoni, inaruhusu, mguu uliotangulia chini hauruhusu. Uzito unaokadiriwa usizidi kilo 3.8, na mtoto asiwe mdogo kuliko umri wa mimba. Shingo isiwe imepinda kwenda nyuma. Uchungu uende wenyewe bila kuburutwa. Lakini sharti lililo zito kuliko yote ni mtu: je, siku hiyo na saa hiyo, hata ikiwa saa tisa usiku, atakuwepo mkunga au daktari aliyezoea kupokea mtoto wa makalio, na chumba cha upasuaji kikiwa tayari? Kwamba mtoto wa kwanza alipita vizuri ni jambo zuri, lakini halimhakikishii huyu, ambaye anaweza kuwa mkubwa zaidi. Muulizeni daktari swali hilo la mtu kwa upole na bila kuzunguka. Jibu likiwa hapana, au likiwa la kusitasita, upasuaji huo si wa bure.

Upasuaji wenyewe ni jambo zito kwa mama, na hilo ndugu zako wako sahihi kuliogopa. Kuna uwezekano wa kutokwa damu nyingi, maambukizi ya kidonda, na kovu ambalo mimba zijazo zitalibeba, kwa kuwa kondo huweza kujishikiza kwenye kovu hilo na kuleta matatizo makubwa, hasa upasuaji unaporudiwa mara nyingi. Kwa hiyo mkeo asishike mimba nyingine kabla ya miezi 24 tangu kujifungua, na hiyo nyingine aizalie hospitali yenye chumba cha upasuaji. Wengi waliofanyiwa upasuaji mara moja huweza kujaribu tena njia ya kawaida. Hakikisheni tarehe mliyopewa haiko kabla ya wiki ya 39 bila sababu ya kitabibu, kwa maana mtoto anayetolewa mapema hupata shida ya kupumua mara nyingi zaidi. Na asubuhi ya siku hiyo, kabla hajaingizwa chumbani, aombe apigwe ultrasaundi tena. Wapo watoto wanaojigeuza dakika za mwisho, na mama aliyelazwa kwa ajili ya mkao wa mtoto hana sababu ya kupasuliwa kama mkao umekwisha kubadilika.

Ulizeni mapema vifaa vinavyotakiwa na gharama, kwani ingawa sera ya nchi huwasamehe wajawazito malipo katika vituo vya umma, familia nyingi hujikuta zikitafuta fedha usiku. Jueni kundi lake la damu, na wewe tafuta ndugu wawili watatu walio tayari kuchangia.

Uchungu ukianza au chupa ikipasuka kabla ya siku hiyo, msisubiri hata kidogo, wala msisubiri uchungu uongezeke. Piga 115 bila malipo kupata usafiri wa dharura wa m-mama, na namba ya dereva wa jirani iwe imeandikwa ukutani tangu leo. Bodaboda usiitumie, kwa sababu hawezi kulala juu yake. Chupa ikipasuka aangalie: akiona au akihisi kitu laini kama kamba kikitoka ukeni, apige magoti na kuinamisha kifua chini, makalio yakiwa juu, asiirudishe kamba ndani wala kuishikashika, garini alalie ubavu wa kushoto, mito ikiwa chini ya nyonga, na mpige simu hospitali wajue mnakuja. Maji yakiwa na rangi ya kijani, mwambieni daktari. Kwa mtoto wa makalio wakati wa uchungu hilo si mara zote dalili ya shida, maana tumbo lake hubanwa na choo kikatoka, lakini kupima ni kazi ya hospitali.

SWALI: Mkunga wetu, shikamoo. Nilijifungua binti kwa upasuaji hapa Arusha wiki tatu zilizopita kwa sababu alitanguliza makalio. Mguu mmoja bado anauinua kuelekea usoni kila nikimvua nguo. Nimeambiwa akifika wiki 6 apigwe ultrasaundi ya nyonga, lakini mama mkwe anasema tumfunge miguu kwa khanga ili inyooke na tusipoteze fedha. Anaonekana mzima. Kipimo hicho ni cha lazima?
– Mama wa binti, Sakina

JIBU: Marahaba, mama. Hongera kwa binti. Nenda kwenye kipimo, na miguu msiifunge.

Mguu kupenda kurudi juu ni mazoea ya tumboni. Alikaa hivyo kwa wiki nyingi, na utashuka taratibu wenyewe. Umbo la kichwa chake, kama ni refu kidogo kwa nyuma, nalo hurekebika. Kinachotafutwa ni kiungo cha nyonga, yaani kama kichwa cha mfupa wa paja kimekaa vizuri katika kikombe chake. Watoto waliotanguliza makalio wamo katika hatari kubwa zaidi ya kiungo hicho kulegea au kuteguka, na wasichana zaidi ya wavulana, na hali hiyo haiumi wala haionekani kwa mtoto mchanga. Daktari aliyemkunjua miguu siku ya kuzaliwa anaweza asiihisi. Ikigunduliwa mapema, mtoto huvalishwa mikanda laini inayoshika miguu ikiwa imekunjwa na kupanuliwa kwa wiki kadhaa, na kiungo hujijenga vizuri. Ikigunduliwa pale anapoanza kutembea akichechemea, mara nyingi huhitaji upasuaji. Wiki ya 6 huchaguliwa kwa sababu viungo vilivyolegea kidogo baada ya kuzaliwa huwa vimepata muda wa kukaza vyenyewe, na kwa sababu nyonga yake bado ni gegedu (mfupa laini usiokomaa), ambalo ultrasaundi huliona lakini eksirei ya kawaida hailioneshi vizuri mpaka baada ya miezi minne hivi.

Kumfunga miguu ikiwa imenyooka ndiko kunakoweza kukiondoa kiungo mahali pake. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba ile namna yetu ya zamani ya kumbeba mtoto mgongoni kwa khanga, mapaja yakiwa yamepanuka kiunoni kwa mbebaji, ndiyo inayofaa nyonga, akishaweza kushika shingo. Sasa hivi mfunike kwa kulegeza, miguu ipate kukunjika. Kila ukimbadilisha nepi tazama kama paja moja halifunguki sawa na jingine, au kama mguu mmoja unaonekana mfupi. Ukiona hivyo usingoje wiki ya 6.

Kipimo hiki anakihitaji pia mtoto aliyekaa makalio chini hadi wiki ya 36 au zaidi kisha akageuka, mwenyewe au kwa kugeuzwa, hata kama alizaliwa kwa kichwa. Chanjo zake za wiki ya 6 zinaangukia siku zilezile, kwa hiyo unapokwenda nazo kliniki beba kadi yake pamoja na karatasi ya hospitali inayoonesha kwamba alitanguliza makalio, umwombe muuguzi akuandikie rufaa ya kwenda kwa daktari wa mifupa kabla hujaondoka.